Saba Chini ya Bati Moja

Kuna mteja wangu, mama wa heshima zake, ambaye kila akija kuulizia nguo humkuta mmoja wa watoto wangu pale kibandani, amekaa kwenye benchi anapembeza miguu, na kila mara hutoa maneno yale yale: "Fundi, watoto wako wamefanana jamani, utadhani umewatoa fotokopi." Huwa nacheka, maana gauni lake halijaisha na kicheko hupunguza maswali. Lakini moyoni nasema: mama, beba hata wawili ukakae nao mpaka Ijumaa, halafu urudi tuzungumze habari za fotokopi.

Sura, sawa. Pua ni ile ile tuliyotoka nayo Nzega, masikio ni ya ukoo wa mama yao, na ukiwapanga barazani hapa Mbagala kwa urefu, wa kwanza mpaka wa saba, unaweza kudhani ni mtoto mmoja amepigwa picha kila alipoota meno mapya. Tatizo ni wakifungua midomo. Hapo ndipo utajua kwamba nalea watu saba ambao, kama wangekutana kituoni bila kujuana, kila mmoja angeshika pochi yake vizuri.

Na wanakula chungu kimoja! Hilo ndilo linaloniudhi. Ningekuwa nimemlea mmoja kwa mihogo na mwingine kwa pilau, ningeelewa. Lakini wote wamekua kwa ugali ule ule na dagaa wale wale, wamebebwa kwa kanga zile zile, wamefokewa na sauti hii hii. Nimelifikiria sana jambo hili huku nakanyaga cherehani, na nilichokiona ni hiki: tabia katika nyumba yenye watoto wengi ni viti vya daladala. Wa kwanza anapanda gari tupu, anachagua. Anayefuata anakuta dirishani pameshakaliwa, anatafuta pengine. Kufika wa tano, wa sita, gari limejaa, mtu ananing'inia mlangoni, na mtu anayening'inia mlangoni huwa hana aibu.

Mkubwa wetu ni binti, yuko kidato cha sita. Yeye alipanda gari tupu akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha dereva. Tunamwita Mkuu wa Wilaya, na sidhani kama kuna mkuu wa wilaya halisi mwenye ratiba ngumu hivyo. Mche wa sabuni ukiingia nyumbani haupumziki. Anaukata vipande vilivyo sawa kwa uzi, uzi ambao, nasema kwa uchungu, ni wa cherehani yangu. Kila kipande kina mwenyewe na kina tarehe ya kuisha. Mita ya LUKU anaisoma asubuhi na usiku, na uniti zikipungua kuliko alivyotarajia anaitisha kikao. Juzi nilikuwa chooni usiku, nimetulia na mawazo yangu, taa ikazimwa. Nikasikia sauti yake nje: "Nani tena ameacha taa ya choo?" Nikakohoa. Akasema, "Shikamoo baba, fanya haraka basi," akaondoka bila kuiwasha.

Mwaka 2022, wakati wa sensa, karani alikuja na kishikwambi chake, kijana mpole, akauliza mkuu wa kaya ni nani. Nikasafisha koo. Kabla sijamaliza kusafisha, wenzangu wote walikuwa wamemgeukia yule binti, ambaye tayari ameleta benchi, amempa karani maji, na anamtajia walioamka nyumba hii asubuhi ya tarehe 23 Agosti, mmoja mmoja, na tarehe zao za kuzaliwa. Karani aliponiuliza mimi mtoto wa sita kazaliwa lini, nikaangalia dari. "Mwandike tu huyo baba mkuu wa kaya," binti akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa msamaha. Matokeo yalipotoka, tukasikia Watanzania tumefika 61,741,120 na wastani ni watu 4.3 kwa kaya. Sisi tuko tisa. Mwanangu wa pili akapiga hesabu akasema kisheria sisi ni kaya mbili na chenji.

Huyo wa pili, basi. Yuko kidato cha tatu. Alipopanda yeye, utii wote ulikuwa umeshachukuliwa na dada yake, usafi umechukuliwa, kuamka mapema kumechukuliwa. Akakuta kiti kimoja tu kitupu, cha ubishi, akakaa, akakunja nne. Wakili huyu hajawahi kukataa kutumwa. Ukimwambia nenda kachote maji, anasimama vizuri, anakunja mikono nyuma, anauliza: "Baba, naomba kujua kigezo kilichotumika." Ukitaja kigezo, anakata rufaa. Anakumbuka kila hukumu iliyotolewa nyumba hii. Ukitaka kumwadhibu kwa kuvunja kikombe anakukumbusha kikombe alichovunja mdogo wake Doto miaka ile, chenye maua, ambacho hakikuadhibiwa, na anakuuliza kama sheria imebadilika na kama ilitangazwa. Wadogo zake huwatetea kwa malipo ya nusu chapati kwa kesi. Siku moja uvumilivu ukaniisha, nikapiga meza: "Nyumba hii ni yangu!" Akanijibu taratibu, kwa heshima zote, "Baba, hapa tumepanga."

Sikuwa na la kusema. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa kapita asubuhi ile.

Mimi ni fundi, na fundi hasikilizi sana mtu anavyojieleza, huangalia nguo ilivyochakaa. Sare za watoto wangu zinanieleza habari zote. Ada ilifutwa tangu Januari 2016 kwa shule za msingi mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita, Mungu awabariki waliohusika. Lakini hakuna waraka uliofuta magoti. Hakuna waraka uliofuta viwiko wala makalio, na michango nayo inarudi nyumbani kila wiki kwenye kikaratasi kilichokunjwa. Kwa hiyo nashona sare zenye upindo mpana, inchi tatu nzima, niushushe kila mtoto akirefuka, na shati likimbana mkubwa linateremka kwa mdogo. Januari, mtaa mzima unaleta vitambaa kwangu, na wa kwangu ndio wanaovaa sare za mwaka jana mpaka Februari. Msimlaumu mtu, ndivyo kazi ilivyo.

Sasa tazama. Sketi ya Mkuu wa Wilaya inarudi na marinda yake yamesimama, unaweza kujikata. Shati la Wakili huchanika kola tu, kola peke yake, kwa sababu mdomo wake huwalazimisha wenzake kumkamata hapo. Kaptula ya Kulwa imetoboka magoti na matako. Ya Doto, pacha wake, haijatoboka popote, ila mfukoni utakuta misumari, betri iliyokufa, na mjusi mkavu. Shija, anayewafuata mapacha hao, aliniletea sketi mpya kabisa, haijavaliwa hata mara moja, akataka nimwekee mfuko wa ndani wenye zipu. Na shati la yule wa sita huisha kwenye viwiko. Nilisumbuka sana kujua kwa nini viwiko, mpaka nilipomkuta ameegemea dirisha la jirani, viwiko vimekaa kwenye nondo, anasikiliza ugomvi usiomhusu kwa utulivu wa mtu aliye kazini.

Hao mapacha wana mambo yao. Kwetu Unyamwezini na Usukumani mapacha hawasumbui watu na majina: anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija, apende asipende. Walizaliwa saa moja, mvua moja, mkunga mmoja. Kama kuna watu walipaswa kufanana tabia ni hawa. Wapi! Kulwa anaongea kuanzia anapoamka, akilala anaendelea. Doto hunyamaza. Nilidhani ana tatizo la kusikia, nikampeleka hospitali, daktari akampima, akasema masikio mazima, akamuuliza, "Mbona huongei?" Doto akamtazama, akamwonyesha Kulwa kwa kidole. Mwaka jana Kulwa alipopata malaria akalala siku kadhaa bila sauti, Doto aliongea. Aliongea mpaka tukaogopa. Alikuwa ameweka akiba ya maneno, na yote yalihusu makosa yetu.

Mmoja ni Yanga, mwingine ni Simba. Chumba chao kina ukuta wa kijani na njano upande huu, nyekundu na nyeupe upande ule, na katikati pana mstari wa chaki ambao hata mende, naamini, huuheshimu. Siku ya dabi mama yao hupika mapema na kuondoka. Mimi, kwa usalama wangu, nimetangaza kwamba ni shabiki wa Taifa Stars peke yake, jambo ambalo limeniletea maumivu ambayo hakuna klabu ingeweza kunipa. Lakini mguse Kulwa kule uwanjani, wewe mtoto wa mtaa wa pili, kwa sababu ya hiyo Yanga yake. Utamwona Doto wa Simba anakuja bila kusema neno, amevua ndala.

Shija ndiye aliyekuta gari limejaa. Kuzaliwa baada ya mapacha si jambo dogo, watu wanakuja kuona mtoto mchanga, wanamtazama dakika moja, wanauliza, "Kulwa na Doto wako wapi?" Nadhani alilisikia hilo akiwa bado kwenye kanga, akaamua kwamba hatategemea mapenzi ya mtu, atategemea fedha. Yuko darasa la nne na anauza barafu za ubuyu anazogandisha kwenye friji ya jirani, kwa makubaliano ambayo mimi sijaonyeshwa. Anauza karanga. Anauza vifungo, na siku moja nilinunua kwake kifungo changu mwenyewe kabla sijakitambua. Jumapili tukipata kilo ya nyama, Mkuu wa Wilaya anagawa finyango kwa haki kwenye sinia; Kulwa anaanza na nyama anamaliza na ugali, Doto anaizika yake chini ya ugali na kuilinda kwa kiwiko, Wakili anahoji kama mfupa umehesabiwa kuwa nyama. Shija anaitazama finyango yake, anawatazama wenzake, anasema taratibu: "Mia mbili." Kulwa hununua kila wiki. Kulwa hana akiba.

Mimi pia nadaiwa. Sioni kuwa ni aibu, biashara ya ushonaji ina msimu wake, na mtoto anayo hela imekaa tu kwenye ule mfuko wa zipu niliomshonea kwa mikono yangu. Ila sikutegemea daftari. Ana daftari la mistari, ukurasa wa kwanza umeandikwa BABA kwa herufi kubwa, na chini yake kuna safu tatu. Safu ya tatu inaitwa "nyongeza". Nilipomuuliza nyongeza ya nini, akaniambia ni ya kusubiri.

Wa sita yeye ni Redio Mbao. Darasa la pili, meno ya mbele hayapo, kwa hiyo habari zinatoka bila kizuizi. Hakuna jambo linalofanyika ndani ya nyumba hii likalala humo humo. Nikilipwa na mteja saa nane, saa tisa Mangi wa dukani ananipungia mkono kwa upendo usio wa kawaida, anauliza afya yangu, anauliza kama lile deni la mafuta ya kula nalikumbuka. Mama yake alisema chumbani, mlango umefungwa, kwamba sambusa za bibi wa nyumba ya tatu zina vitunguu kuliko nyama. Jioni bibi akatuletea sambusa moja, moja tu, imejaa nyama, akasimama pale mpaka ilipoliwa. Mtoto huyu si mwongo, hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mwongo ungemkana. Huyu anaripoti neno kwa neno, na ukibisha anaigiza mpaka sauti yako.

Kitinda mimba ana miaka minne na hana kiti. Amewakalia wote mapajani. Amechukua amri kutoka kwa dada yake, ubishi kwa Wakili, kelele kwa Kulwa, kununa kwa Doto. Tunamwita Bosi. Hapigwi, hatumwi, haoshi sahani, na kitanda chetu amekikata mshazari mpaka mimi nalala ukingoni. Ukimkatalia kitu halii papo hapo. Anasubiri wageni.

Kuna mwalimu mmoja, mteja wangu wa suruali, aliyewahi kuniambia kwamba mawazo yangu ya viti yana mwenyewe. Alikuwapo daktari wa Austria, Alfred Adler, aliyezaliwa mwaka 1870, aliyesema nafasi ya mtu katika kuzaliwa ndiyo humtengeneza: wa kwanza ni mfalme aliyepinduliwa siku mdogo wake anapokuja, ndiyo maana hupenda sheria na madaraka, wa mwisho hudekezwa mpaka akaharibika. Huyo Adler mwenyewe alikuwa wa pili kwao na alikuwa na kaka mkubwa, kwa hiyo nashuku kulikuwa na kesi ya kikombe. Nilifurahi sana, msomi ameniunga mkono bila kufika Mbagala.

Furaha haikudumu. Mwalimu alirudi kuchukua suruali na habari nyingine: mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walichambua taarifa za watu zaidi ya 20,000 wa Ujerumani, Uingereza na Marekani, wakakuta nafasi ya kuzaliwa karibu haigusi tabia kabisa. Kilichoonekana ni akili tu, kwamba inapungua kidogo, kidogo sana, kadiri unavyoshuka kwa wadogo. Nikamwomba apunguze sauti. Lakini viwiko vilikuwa vimeshaegemea dirisha la kibanda. Kufika magharibi Mkuu wa Wilaya alikuwa ameshaipata, na wakati wa kula alitutangazia kwamba sasa jambo hilo limethibitishwa kisayansi na kuanzia leo asibishiwe. Wakili akakata rufaa hapo hapo, kwamba utafiti haukuhusisha hata kaya moja ya Temeke. Shija akauliza hao Wajerumani walilipwa kiasi gani. Bosi, ambaye kwa mujibu wa Ujerumani ndiye mwenye hasara kubwa, alikuwa anakula finyango yangu.

Mimi nabaki na viti vyangu. Hao watafiti waliwahoji watu kwa makaratasi; hawakuwahi kuwapeleka saba kwa pamoja kwenye harusi na jozi sita za viatu.

Mama Kulwa naye ana nadharia, fupi, haina Mjerumani ndani. Kila tabia njema imetoka kwao Igunga. Kila balaa limetoka kwetu. Mtoto akiwa wa tatu darasani, husema "mwanangu" mpaka jirani asikie. Mtoto akivunja kioo cha watu, anakuja mpaka kibandani, anasimama mbele ya wateja, "Njoo uone mwanao alichofanya." Kulwa na Doto wamegawanywa: Doto wa Igunga, Kulwa wa Nzega. Nikimuuliza imekuwaje tumbo moja, siku moja, likatoa koo mbili, ananiambia nisilete maneno ya Wakili, naye Wakili ni wa kwetu vilevile.

Ubishi mkubwa umekuwa juu ya Shija. Kwa muda mrefu Mama Kulwa alisema ile akili ya fedha ni ya bibi yake mzaa mama, aliyekuwa na ng'ombe na hakuwahi kumkopesha mtu. "Huyo ni damu yetu kabisa, mwanangu huyo," husema, hasa akiniona nimeshika lile daftari napiga hesabu ya nyongeza. Wiki iliyopita akahitaji elfu kumi ya haraka, mchango wa kitchen party ya shoga yake. Akamwita Shija chumbani, akamkalisha kitandani, akamwita mama, akamwita bibi mdogo, akamwelezea.

Shija akafungua daftari ukurasa mpya. Akamuuliza mdhamini wake ni nani.

Mama Kulwa akanitaja mimi. Shija akarudi ukurasa wa kwanza, akausoma kwa makini kutoka juu mpaka chini, akafunga daftari, akafunga na zipu.

Nilikuwa namalizia upindo wa gauni la yule mama wa fotokopi pale mama yao alipotokea mlangoni kwa kishindo, kanga imemdondoka bega moja. "Baba Kulwa," akasema, "njoo umwone huyu mwanao."